Mafungu Mawili ya Mchanga

Juzi vitukuu wangu wawili walipigana uani. Mama yao alitoka mbio na mwiko mkononi kwenda kuwaamua, nikamshika upindo wa kanga nikamwambia waache wamalize. Alinitazama kana kwamba nimeanza kuchanganyikiwa. Labda ni kweli, uzee haubishi hodi. Lakini mimi watoto wanaopigana hawanitishi. Ninachokiogopa ni watoto wanaoacha kupigana, na nina sababu.

Nilizaliwa Pande, upande wa baharini, na nilikua wakati Mdachi, yaani Mjerumani, anatawala. Sisi watoto wa pale tulikuwa na sheria yetu ya ugomvi, na wakubwa hawakuijua. Wawili wakikosana, ilikuwa mwiko kukimbilia nyumbani. Aliyepeleka maneno kwa wakubwa hatukucheza naye mpaka mwezi mwingine uandame. Mtoto wa tatu ndiye aliyepiga magoti akafanya mafungu mawili ya mchanga, akamwambia mmoja, "Hili titi la mama yako," kisha akaonyesha la pili, "na hili la mama yake." Basi. Mmoja akilikanyaga la mwenzake, ngumi zinaanza. Mlipigana mpaka mmoja akae chini au wote mchoke. Yule wa tatu akawakung'uta mchanga, mkashikana vidole vya mwisho, mkala kitu kimoja pamoja, hata kama ni ukwaju wenye vumbi. Ugomvi umekwisha, na kuutaja tena ni aibu. Asubuhi moja shoga yangu alining'oa kwa ngumi jino lililokuwa linalegea, na adhuhuri ya siku hiyohiyo tuligawana muhogo wa kuchoma, mimi nikitafuna upande mmoja.

Shoga yangu huyo hakuwa mtu wa pwani. Wazazi wake walishuka kutoka milima ya Matumbi tungali wadogo sana, wakasilimu, wakajenga nyuma ya kwetu. Baba yake alikata boriti kwenye mikoko na kulima muhogo. Alikuwa mrefu, mpole, na alipocheka mabega yake yalitikisika bila sauti kutoka. Mimi nilikuwa mkali tangu utotoni, nikiingia kwao naamrisha hata kuku, kwa hiyo akanipa jina la utani: Bibi Akida. "Karibu, Bibi Akida," alikuwa akisema, "leo tumekosa nini?" Nami nilivimba kichwa, kwa sababu nilidhani ni jina zuri.

Akida mwenyewe, yule wa kweli, alikuwa mtu wa Mdachi wa kusimamia vijiji vyetu. Alikuja kila baada ya siku chache kuhesabu waliokwenda kulima shamba la pamba na waliokosa. Baraza lake lilikuwa mbele ya banda la pamba, karibu na ufuko tuliochezea. Aliyekosa alilazwa kifudifudi akachapwa kiboko ishirini na tano, na adhabu hiyo ilikuwa na jina lake, hamsa ishirini, hata watoto wanaojifunza kusema walilijua. Tuliwaona wanaume wa kijiji wakilala chini mmoja mmoja. Siku moja ilikuwa zamu ya mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, mzee aliyetufundisha alifu kwa kijiti, kwa sababu aliwaambia watu kuwa siku ya Ijumaa hailimwi pamba. Walimpandisha kanzu. Hakulia. Nilitazama mpaka mwisho, na nilipofika nyumbani sikuweza kumeza uji.

Mtoto wa mwalimu huyo alikuwa mkubwa wetu, kama miaka kumi na miwili. Siku ya tatu baada ya baba yake kuchapwa alikuja ufukoni na ufito mrefu na kofia aliyoisuka mwenyewe kwa ukindu. Alisema mafungu ya mchanga ni mambo ya kitoto. Kuanzia leo kila kesi italetwa barazani kwake, yeye ndiye akida, mashahidi watasimama, na atakayeshindwa atalala chini ale hamsa ishirini. Ungedhani tutamcheka. Tulipiga vigelegele! Tuligombania kuwa askari. Baba wa watu mgongo wake haujapona, na sisi tunachezea maumivu yake, mwanawe akituongoza. Nikilikumbuka hilo sasa nashtuka kuliko nilivyoshtuka kumwona mzee wa watu amelala mchangani.

Kesi zilikuwa ndogondogo. Nani kaiba gololi ya udongo, nani kamwita mwenzake kikojozi. Akida wetu hakufikisha ishirini na tano. Alipiga mbili tatu, polepole, kila mtu akacheka. Tarishi wa akida wa kweli, kijana mwenye kofia nyekundu aliyelinda banda la pamba, alikuwa akikaa kizingitini anatafuna muwa na kututazama. Alicheka kuliko sisi. Wakati mwingine alitusahihisha, "Siyo hivyo, mshitakiwa anashikwa miguu kwanza."

Ndipo likaja jambo la pweza.

Pwani yetu, bahari ikitoka sana siku za bamvua, wanawake na watoto tulikwenda mwambani kuchokoa pweza kwa vijiti. Ukiona tundu lenye magamba ya kaa mlangoni, pweza yumo, na kama maji yanarudi huwezi kumtoa, unaweka jiwe lako la alama ili mwingine asiliguse. Mimi niliweka jiwe kwenye tundu moja zuri mno. Bamvua lililofuata nikamkuta shoga yangu anamvuta pweza humohumo, pweza mkubwa kuliko kichwa chake, amemng'ang'ania mkononi mpaka kiwiko. Nilipiga kelele kuwa ni mwizi. Akanijibu bila kugeuka kwamba alama inakaa bamvua moja tu, likipita tundu ni la yeyote. Na ilikuwa kweli. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni ya mwambani, na mtoto wa mlimani ndiye aliyeishika vizuri kuliko mimi niliyezaliwa na chumvi masikioni. Kilichoniuma si pweza. Niliumia kwa sababu yeye alikuwa na haki na wenzetu walisikia.

Zamani tungekanyagiana mafungu pale pale na jioni tungekula mkia mmoja mmoja wa yule pweza. Lakini tulikuwa na baraza sasa. Nikasema, "Twende kwa akida."

Kabla sijasema yaliyotokea barazani, lazima niseme jambo lililotangulia. Habari zilikuwa zimeanza kushuka kwamba kule milimani watu wameng'oa pamba ya Mdachi na vita vimewaka, hivi vita ambavyo sasa vinaitwa vya Maji Maji. Wakubwa walizungumza kwa minong'ono wakanyamaza tukiingia. Baba wa shoga yangu alikuwa amekwenda kwao mlimani kumwona mama yake na kurudi. Siku chache baadaye shoga yangu alinivuta mpaka uani kwao, akanionyesha juu, kwenye makuti ya mlango wa nyuma. Palikuwa na kibuyu kidogo kimechomekwa. Akaniambia ni dawa, maji yenye punje za mtama ndani yake, na baba yake amewanyunyizia wote nyumbani ili risasi ya Mdachi isiwadhuru. Alinishikisha kidole cha mwisho akaning'ang'ania mpaka kikaniuma. "Usimwambie hata mama yako," alisema. Nikaapa.

Sasa barazani. Tulikuwa watoto kama kumi na watano, jua limepanda, mchanga unachoma nyayo. Akida wetu alikaa juu ya gunia. Nilieleza kesi yangu kwa madaha, nikidhani nitashinda kwa sababu nina sauti. Shoga yangu alisimama na pweza wake begani akasema maneno machache tu, ya kanuni ya alama, kisha akamuuliza kila mtoto mmoja mmoja kama ni kweli au si kweli. Wote wakasema ni kweli. Akida wetu akagonga gunia. Nimeshindwa, tena nimemwita mtu mwizi kwa uongo. Nilale chini.

Wavulana wawili walinishika miguu kama tarishi alivyowafundisha. Mwingine alikuwa anavuta kaniki yangu kuipandisha, mbele ya wote wale. Nilikuwa na umri wa kuona haya. Kule kizingitini tarishi alikuwa anacheka, shavu limejaa muwa. Nilitafuta neno lolote la kunitoa pale, na neno lililokuja lilikuwa moja.

"Msinipige mimi! Baba yake ana dawa ya vita! Iko kwenye kibuyu, kwenye makuti!"

Watoto hata hawakuelewa. Walidhani nimeleta shitaka jipya, wakaguna kama wakubwa wanavyoguna. Lakini kule kizingitini kicheko kilikatika. Tarishi alitema makapi, akaja, akachuchumaa mbele yangu, akanisaidia kunyanyuka na kunikung'uta mchanga. Alinikung'uta vizuri sana, kama baba.

"Mwanangu," aliniuliza kwa upole, "kwenye makuti ya mlango wa mbele au wa nyuma?"

Nami nikajibu, "Wa nyuma."

Nilijibu haraka, kwa fahari. Naapa kwa Mungu aliyeniumba, nilikuwa na fahari. Mtu mzima mwenye kofia nyekundu ameniuliza swali na mimi nalijua jibu.

Akida wetu wa kofia ya ukindu, asiyejua lolote, akageuza hukumu. Shoga yangu alale. Hakungoja kushikwa, alilala mwenyewe, shavu mchangani, uso umenielekea. Ufito ulishuka mara tatu. Hakufumba macho. Nyuma yake nilimwona tarishi anakwenda zake upande wa barabara, hakimbii, anatembea kwa hatua ndefu. Nikajiambia, haya, leo yeye kachapwa, kesho nitachapwa mimi, tutapatana. Hata nilimwokotea pweza wake aliyeanguka nikamsafisha mchanga.

Alasiri ile walikuja. Tarishi na askari watatu wenye bunduki. Hawakupekua nyumba wala hawakuuliza kitu. Walizunguka moja kwa moja mpaka uani, mmoja akanyoosha mkono kwenye makuti ya mlango wa nyuma, akashuka na kibuyu. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwetu na ungo wa mchele mkononi. Mama wa shoga yangu alikuwa akisema neno moja tu, tena na tena, "Nani? Nani kawaambia? Nani?" Mpaka dakika ile sikuwa nimeelewa kuwa baraza letu na baraza lao vinaweza kukutana. Nilidhani mchezo una ukuta.

Walimfunga kamba baba wa shoga yangu pamoja na wanaume wengine wawili waliowakamata kijiji cha jirani, wakampitisha mbele ya nyumba yetu. Aliponiona alijaribu kutabasamu, mdomo ukakataa.

"Bibi Akida," aliniambia, "mwangalie mwenzako."

Niliudondosha ungo. Mchele wote ulimwagika, na kwa mara ya kwanza mama yangu hakunigombeza.

Walipelekwa Kivinje, kwenye boma la Mdachi. Siku kadhaa zikapita, nami kila siku nilijiambia kesho watamwachia. Watamchapa hamsa ishirini, atarudi, mgongo utapona kama wa mwalimu. Hiyo ndiyo adhabu kubwa kuliko zote niliyoijua. Kisha mjomba wangu aliyekuwa amepeleka chumvi huko akarudi, akakaa barazani bila kuvua viatu, akamwambia mama yangu kwamba wamenyongwa. Nilikuwa nafagia. Neno hilo nililijua kwa kuku tu, kuku aliyekufa bila kuchinjwa, kibudu, ambaye hata kumgusa unaona kinyaa. Nikamuuliza mjomba, "Wamenyongwa, halafu?"

Mjomba alinitazama. "Halafu nini, mwanangu? Hakuna halafu."

Nilitapika palepale juu ya ufagio. Wote walisema ni homa, wakanilaza, wakanikorogea mwarobaini. Nilitamani mtu aniulize swali moja tu nimwambie kila kitu. Hakuna aliyeuliza. Ni nani angemuuliza mtoto?

Mama yangu aliwachukua wakakaa kwetu, mjane akae eda kwenye chumba cha nyuma, shoga yangu alale mkeka mmoja nami. Mtu asikie hili vizuri: mkeka mmoja. Alikuwa anajua. Yeye peke yake ndiye alikuwa anajua, maana watoto wale wengine walikwisha kusahau nilichosema, na mtoto wa mwalimu, kama alielewa, alielewa kimya. Alivunja ufito wake na baraza halikukaa tena. Nilingoja shoga yangu aseme. Kila nikisikia jina langu linaitwa jasho linanitoka. Siku moja mama yake alisimamisha mkono katikati ya chakula akauliza tena, kama anauliza ukuta, "Ni nani yule?" Shoga yangu alikuwa ameketi ubavuni kwangu, goti lake limegusa goti langu. Alimega tonge.

"Sijui, mama," alisema.

Nilishtuka kuliko siku ya kibuyu. Angenitaja ningelia, ningechapwa, pengine tungefukuzana, lakini lingekuwa limesemwa. Alilimeza na tonge lake, nami nikabaki nalo.

Nilianza kumtafutia ugomvi. Sikujua njia nyingine ya kuomba radhi. Watoto hatukuwa na nyingine. Nilimfichia kitana chake. Nilimmwagia mchanga kichwani, akajipangusa. Nilimuuma mkono, Mungu anisamehe, mpaka meno yakaonekana kwenye ngozi, akautazama mkono wake kama si wake. Nilifanya mafungu mawili mimi mwenyewe, kinyume cha kanuni, nikamwambia, "Hili la mama yako, hili la mama yangu. Kanyaga." Aliyazunguka akaenda kuchota maji. Siku nyingine nikayafanya mlangoni penyewe, asipate pa kupita. Aliyaruka.

Wakati huo njaa ilikuwa imeingia. Huko bara askari walichoma mashamba na maghala, watu wakashuka pwani wamebaki macho. Mama yangu aligawa kile kidogo tulichokuwa nacho sawasawa, nami nilianza kumwachia shoga yangu fungu langu. Alilipokea kwa adabu, akasema ahsante, akaliinua kwenda kumpa mama yake. Mjane yule alimsifu mama yangu kila siku kwa malezi. "Binti yako ana moyo," alikuwa akisema. "Mungu amtunze kama anavyomtunza mwanangu." Ningekuwa na shimo ningejifukia.

Eda ilipokwisha alikuja kaka wa mjane kutoka kusini, Lindi, kuwachukua. Ikafika asubuhi ya kuondoka, kwa miguu. Mama zetu walikuwa ndani wanafunga vitu. Shoga yangu alikuwa uani peke yake anafunga kamba ya ukili kwenye mtungi. Nilijua sitamwona tena. Nikapiga magoti, nikafanya mafungu mawili kwa mara ya mwisho, nikayapapasa yakae sawa.

"Nakuomba," nilimwambia. "Kanyaga. La mama yangu. Nipige utakavyo, sitarudisha."

Aliacha kamba. Akaja. Moyo wangu uliruka, kwa sababu nilimwona anainua mguu kidogo. Kisha akaushusha, akachuchumaa karibu yangu kama tulivyokuwa tukichuchumaa mwambani, akaweka kiganja juu ya fungu la mama yangu akalisawazisha, akaweka juu ya la mama yake akalisawazisha pia, taratibu, mpaka pakawa mchanga mtupu.

"Nikikupiga tutapatana," alisema. Hakuwa na hasira. "Mimi sitaki tupatane."

Akasimama, akajipangusa mkono, akaenda kumpokea mama yake mzigo. Mama yangu aliwasindikiza mpaka njia panda. Aliporudi macho yalikuwa yamevimba kwa kulia, na alinikuta bado nimepiga magoti palepale uani.

"Mbona hukutoka kumuaga mwenzako?" aliniuliza. "Mmegombana?"

"Hapana, mama," nilimjibu. "Hatujagombana."